Barua pepe zinaingia lakini hazitoki: pa kuanzia ukiwa nje ya intaneti ya nyumbani

Umekaa hotelini Posta, Dar es Salaam, au unasubiri ndege Terminal 3, au uko mgahawani Mikocheni na laptopu mezani. Barua pepe za asubuhi zimeingia zote. Unajibu moja, unabonyeza kutuma, inaganda kwenye kikasha toezi (Outbox). Jioni ukirudi nyumbani Mbezi inaondoka yenyewe bila kuguswa.

Dalili hiyo tayari ni nusu ya jibu. Kompyuta ni nzima, akaunti iko hai, na nenosiri la kupokelea ni sahihi. Kilichobadilika ni mtandao unaopitia. Kwa hiyo kabla ya kufuta akaunti na kuiweka upya, kosa la kwanza ambalo wengi hulifanya na ambalo linaweza kukupotezea barua za POP (njia ya kupokea inayoshusha barua kwenye kompyuta) zilizohifadhiwa kwenye mashine tu, acha mipangilio kama ilivyo na usome hapa.

Kwa nini kutuma ndiko kunakogoma

Kupokea na kutuma ni kazi za seva mbili tofauti, hata kama zina jina moja. Ya kupokea, IMAP au POP3, siku zote inakuuliza wewe ni nani na nenosiri lako ni lipi. Haijali uko Kigamboni au Kigali.

Ya kutuma, SMTP, ina historia nyingine. Kanuni zake ziliandikwa 1982, enzi ambayo mashine zilizounganishwa zilikuwa chache na zikiaminiana, na hazikuwa na nenosiri kabisa. Uthibitishaji uliongezwa baadaye, kama kiraka. Huko nyuma kampuni za intaneti zilitumia njia ya mkato: aliye kwenye laini yetu ni mteja wetu, barua yake ipite, wa nje asipite. Fundi aliyekufungia intaneti akiweka seva ya kutuma ya kampuni hiyo bila nenosiri, kila kitu kitaenda vizuri hadi siku utakapotoka na laptopu. Hapo seva ileile inakuona mgeni, na inafanya sawa kukukatalia, maana seva inayompitishia kila mtu barua kwenda popote haikawii kugeuzwa mtambo wa barua taka.

Sababu ya pili ni poti, yaani mlango wenye namba ambao mawasiliano hupitia kuingia kwenye seva. Wengine hutafsiri neno hilo kuwa bandari, lakini jijini hapa ukimwambia mtu bandari imefungwa atauliza habari za makontena, basi tubaki na poti. Poti 25 ndiyo ya asili ya SMTP, na leo kazi yake halali ni seva kuzungumza na seva. Mitandao mingi ya nyumbani, ya simu na ya hoteli huizuia kwa wateja, kwa kuwa kompyuta iliyoingiwa na virusi huitumia kumwaga barua taka moja kwa moja. Kwa ajili ya watumiaji wa kawaida, poti 587 ilitengwa tangu 1998. Poti 465, ambayo mawasiliano yake husimbwa (hufichwa yasisomeke na wengine) tangu sekunde ya kwanza, ilirudishwa rasmi na kupendekezwa 2018. Ukikuta 25 kwenye mipangilio yako ya kutuma, huenda umeshapata mchawi wako.

Majaribio mawili kabla ya kugusa kitu

La kwanza: tuma barua fupi isiyo na kiambatisho kwa mtu wa kikoa chako mwenyewe, yaani sehemu ya anwani inayofuata @. Kama wewe ni mauzo@mfano.co.tz, mtumie mwenzako wa mfano.co.tz. Kisha tuma nyingine kwenye anwani ya nje, mathalani ya Gmail. Ya ndani ikifika na ya nje ikakataliwa, poti iko wazi na seva inakusikia. Inachokataa ni kukupitishia barua kwenda kwa wengine, kwa kuwa haijakutambua. Hilo ni tatizo la uthibitishaji, na litatibiwa kwenye mipangilio ya programu yako. Ndiyo maana kujitumia barua mwenyewe si jaribio: seva hupokea barua za watu wake kutoka kwa yeyote.

La pili: badili mtandao. Wengi tuna simu ya laini mbili, basi washa hotspot kwa laini moja, jaribu, kisha hamisha data kwenye laini ya pili ujaribu tena. Ikitoka kwenye simu lakini si kwenye waifai ya hoteli, hoteli ndiyo imefunga. Isipotoka popote isipokuwa nyumbani, seva yako ya kutuma inategemea laini ya nyumbani. Na isipotoka hata nyumbani, uko kwenye tatizo jingine kabisa: nenosiri, cheti (kitambulisho cha kidijitali cha seva), au akaunti iliyojaa.

Soma ujumbe wa kosa, hasa namba

Watu huufunga ujumbe wa kosa haraka kama tangazo. Usifanye hivyo. Upige picha. Namba za tarakimu tatu zinaeleza mengi: zinazoanza na 4 maana yake jaribu tena baadaye, zinazoanza na 5 ni kukataliwa moja kwa moja.

550 au 554 ikifuatana na maneno *Relaying denied* au *Relay access denied*: hujatambuliwa. Washa uthibitishaji. Namba 530 ina maana hiyohiyo, ila imesemwa kwa adabu zaidi.

535: umejitambulisha, lakini jina au nenosiri si sahihi. Mara nyingi jina la mtumiaji limeandikwa *mauzo* peke yake wakati seva inataka anwani nzima, *mauzo@mfano.co.tz*.

534 kutoka Gmail: inadai nenosiri la programu. Tutalifikia.

553, au 550 inayomtaja mtumaji: umeingia kwa akaunti moja, lakini sehemu ya mtumaji inaonyesha anwani nyingine. Huwapata wenye anwani mbili tatu kwenye programu moja.

450 au 451: seva imekuahirisha kwa muda. Subiri dakika 15 kabla ya kuanza kuhangaika.

552: barua ni kubwa mno.

Hakuna namba, ila programu inazunguka karibu dakika nzima kisha inasema imeshindwa kuunganisha: hapo hujafika hata mlangoni kwa seva. Poti imezibwa njiani, au jina la seva halipatikani.

Kupima poti kwa amri moja

Kwenye Windows fungua PowerShell uandike, ukiweka jina la seva yako:

`Test-NetConnection mail.mfano.co.tz -Port 587`

Kwenye Mac au Linux:

`nc -vz mail.mfano.co.tz 587`

Rudia kwa 465, kisha 25. Kwenye Windows tazama mstari wa mwisho, *TcpTestSucceeded*. Ukiwa *True*, njia iko wazi. Jibu likichelewa sana kisha likashindikana, kuna fayawoli (kizuizi cha ulinzi wa mtandao) njiani inayotupa maombi yako kimyakimya. Likikataliwa papo hapo, kwa kawaida umefika kwenye seva yenyewe lakini haisikilizi poti hiyo. Waulize wenye seva poti sahihi.

Kuna hila moja ya kuangalia. Mitandao mingine haifungi poti 25 bali huiteka, ikaielekeza kwenye seva yao. Jaribio litasema njia iko wazi, ila unayezungumza naye siye uliyemkusudia. Mwenye kompyuta yenye OpenSSL anaweza kuthibitisha, akibadili 587 kuwa 25 anapopima poti hiyo:

`openssl s_client -starttls smtp -connect mail.mfano.co.tz:587`

Tazama jina lililo kwenye cheti kinachotokea. Liwe la seva yako au la kampuni inayokuhifadhia barua. Likiwa la hoteli au la kifaa usichokijua, usiingize nenosiri. Na ukijaribu poti 25 ukaona mstari wa salamu wa 220 umejaa nyota badala ya jina, kuna fayawoli inayochakachua mazungumzo. Baadhi yake hufuta hata tangazo la seva kwamba inaweza kusimba, na programu yako ikikosa tangazo hilo inakata tamaa. Dawa ni kuhamia 465, kwa sababu humo usimbaji huanza kabla ya neno la kwanza na hakuna cha kufuta.

Mipangilio inayofanya kazi popote

Kanuni ni moja: tuma kupitia seva ya mwenye anwani yako, si seva ya mwenye waya. Anwani ikiwa ya kikoa cha kampuni yako, tumia seva ya waliokihifadhi kikoa hicho. Ikiwa ya Gmail, tumia ya Gmail. Mtoa intaneti akubebee data tu.

Kwa barua nyingi za .co.tz zilizo kwenye hosti (kampuni inayohifadhi tovuti na barua) yenye cPanel, paneli ya kuzisimamia, jaza hivi:

Seva ya kutuma: mail.mfano.co.tz
Poti: 465 ukichagua SSL/TLS, au 587 ukichagua STARTTLS (usimbaji unaoanza baada ya salamu)
Uthibitishaji: uwashwe
Jina la mtumiaji: anwani nzima
Nenosiri: lilelile la kupokelea

Usichanganye jozi hizo. 587 ikiwekewa SSL/TLS, kwa kawaida usimbaji unashindikana papo hapo; 465 ikiwekewa STARTTLS, pande mbili zinasubiriana bila yeyote kuanza kuongea, na programu itakuambia muda umekwisha. Kosa hili la pili hufanana kabisa na poti iliyofungwa, na limewafanya wengi walaumu mtandao usio na hatia.

Gmail ni smtp.gmail.com, 465 au 587. Tangu 30 Mei 2022 akaunti za kawaida hazikubali tena nenosiri lako la kila siku kwenye programu za zamani. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha tengeneza nenosiri la programu lenye herufi 16 na uliweke hilo. Yahoo ni smtp.mail.yahoo.com, poti 465, nayo inataka nenosiri la programu. Anwani za Outlook na Hotmail zinatumia smtp-mail.outlook.com, 587, lakini tangu 16 Septemba 2024 hazipokei nenosiri tupu: lazima programu ikufungulie ukurasa wa kuingia wa Microsoft. Outlook 2010 haijui kufanya hivyo, na hakuna mpangilio utakaoifundisha. Badili programu.

Sasa mahali pa kubonyeza. Kwenye Outlook ya zamani ya kompyuta, fungua mipangilio ya akaunti, nenda kwenye mipangilio ya ziada, kichupo cha seva ya kutuma, weka tiki kwenye kisanduku kinachosema seva hiyo inahitaji uthibitishaji, kisha nenda kichupo cha mwisho ubadili poti. Tiki hiyo moja ndogo ndiyo chanzo cha simu nyingi kwa mafundi.

Kwenye iPhone kuna mtego: sehemu ya jina na nenosiri la seva ya kutuma imeandikwa kwamba ni hiari. Kwako si hiari. Jaza. Halafu angalia orodha ya seva nyingine za kutuma iliyo hapohapo. Ya kwanza ikishindwa, simu hujaribu nyingine zilizowashwa, kwa hiyo barua ya kazini inaweza kutoka kupitia seva ya akaunti nyingine bila wewe kujua. Ni heri uzime hizo zote zisizo za akaunti husika, kwa sababu tutakayoiona chini.

Thunderbird huweka seva za kutuma mwisho kabisa wa orodha ya upande wa kushoto, mbali na akaunti zenyewe. Ukiwa na akaunti kadhaa, fungua kila moja uone imeelekezwa kwenye seva ipi. Mara nyingi utaikuta akaunti mpya inatumia seva ya ile ya zamani.

Kama jina la seva limeandikwa kwa namba inayoanza na 192.168 au 10 ikifuatwa na nukta, hiyo ni anwani ya ndani ya ofisi. Nje ya jengo haipo. Muulize msimamizi jina la nje, au VPN ya ofisi (njia iliyosimbwa ya kuingia mtandao wa ofisi ukiwa nje). Na kuhusu VPN: Oktoba 2023 TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, ilitangaza kwamba wanaohitaji kuitumia kwa shughuli zao watoe taarifa kwake, ikiwemo anwani ya IP (namba inayokutambulisha mtandaoni), basi ofisi ihakikishe imelimaliza hilo kabla ya kuwagawia wafanyakazi.

Waifai ya hoteli na mgahawa

Alama ya waifai kuonekana haimaanishi umeingia. Mitandao ya wageni hukuzuia hadi ufungue kivinjari ukubali masharti au uweke namba ya chumba. Ukurasa usipojitokeza, fungua tovuti yoyote inayoanza na http bila s. Hadi ufanye hivyo, programu ya barua inaweza kukuonya kuhusu cheti kisicholingana na jina. Usibonyeze kukubali. Onyo hilo linasema ukweli: anayejibu si seva yako.

Hoteli nyingine huruhusu kuvinjari tu, yaani poti 80 na 443. Hapo SMTP haitapita kwa poti yoyote ya kawaida, na tiba ya haraka ni kuingia barua yako kwa kivinjari, au kutumia hotspot ya simu. Kwa barua za cPanel kuna jambo dogo linalokwamisha watu: ukurasa wake wa barua huwa kwenye poti 2096, ambayo nayo huzibwa. Jaribu https://webmail.mfano.co.tz badala yake. Hiyo hupita kwenye 443 kama tovuti yoyote, na barua utakayoandika humo hutumwa na seva yenyewe, si na kifaa chako.

Ikitoka lakini isifike

Barua ikirudi na ujumbe wa 550 unaotaja Spamhaus (shirika linalotunza orodha za IP za kuzuia barua taka) pamoja na anwani ya IP, linganisha namba hiyo na IP unayotumia sasa. Utaipata kwa kutafuta mtandaoni. Zikilingana, usikimbilie kumwomba mtoa huduma wa simu aiondoe kwenye orodha. IP za wateja wa nyumbani na simu huwekwa kwenye orodha mojawapo ya Spamhaus, PBL, kwa makusudi, kwa kuwa hazitarajiwi kupeleka barua moja kwa moja kwa seva za wengine. Ukipitia 587 au 465 ukiwa umethibitishwa, orodha hiyo haipaswi kukugusa. Ikikugusa hata hivyo, seva yako imepangwa vibaya: inakagua IP kabla ya kukuuliza nenosiri. Wapelekee wenye hosti ujumbe huo mzima.

Kufikia kwenye folda ya taka ni jambo jingine. Kikoa chako kina rekodi ya SPF inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. Ukiazima seva nyingine, ile ya rafiki au ile iPhone iliyojichagulia, barua inakuwa kama mtu aliyevaa sare ya kampuni bila kitambulisho. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti kwa watumaji, na angalau SPF au DKIM (saini ya kidijitali ya kikoa) ni lazima.

Ofisi nzima imefungiwa

Hii inachanganya watu kuliko zote. Kwenye waifai ya ofisini Kariakoo hakuna kutuma wala kupokea, na hata tovuti ya kampuni haifunguki. Kwenye data ya simu kila kitu kinaenda. Hapo seva yako imeifungia IP ya ofisi baada ya majaribio mengi ya nenosiri lisilo sahihi. Aliyesababisha huwa ni kifaa kilichosahaulika: tableti kwenye droo, au simu ya mfanyakazi aliyehama meza, bado ina nenosiri la mwaka jana na inabisha hodi kila baada ya dakika chache.

Fuata mpangilio huu na si kinyume: tafuta kifaa hicho kwanza, ukirekebishe au ukiondolee akaunti, ndipo uwaombe wenye hosti waifungulie IP. Ukianza na kuomba, baada ya muda mfupi utafungiwa tena. Kwenye data ya simu inaweza kukutokea bila kosa lako, maana wateja wengi hushirikiana IP moja ya nje. Kuzima na kuwasha data kunaweza kukupa nyingine.

Mengine mawili ya haraka

Kiambatisho hunenepa njiani. Barua pepe hubeba faili kwa kuligeuza kuwa herufi, na ukubwa huongezeka kwa zaidi ya theluthi: PDF ya MB 18 inafika karibu MB 25, na hapo ndipo seva nyingi hugoma. Kwenye mtandao dhaifu inakatika katikati, programu inaanza upya, na bando linaliwa kila jaribio. Weka faili kwenye hifadhi ya mtandaoni utume kiungo.

Saa ya kompyuta nayo. Tarehe ikirudi miaka nyuma, vyeti vyote vinaonekana batili. Kwenye mashine kongwe inayopoteza saa kila ikizimwa, badili betri ya CR2032 iliyo kwenye ubao wake.

Kabla ya safari

Ukiwa bado nyumbani, zima waifai, washa data ya simu, na utume barua kwenye anwani ya nje kutoka kila kifaa utakachobeba. Ikipita, ipite pia ukiwa kwenye treni ya Dodoma. Isipopita, una muda wa kurekebisha huku ukiwa na kivinjari na chai.

Ukishatengeneza mipangilio, kumbuka zilizokwama. Baadhi ya programu zitazituma zote kwa mkupuo, pamoja na nakala ulizoandika upya kwa hasira, na mteja atapokea ankara ileile mara nne. Weka kifaa kwenye hali ya ndegeni, fungua kikasha toezi, futa zinazojirudia, kisha ndiyo urudishe mtandao. Barua iliyogoma kufutika kwenye Outlook, washa hali ya kufanya kazi nje ya mtandao, funga programu na kuifungua tena, uihamishie kwenye rasimu.